Ndimu na mafuta, mtindi, simsim, tui au ukwaju: saladi yako uitie nini?

Mama alipoambiwa kliniki kwamba presha imepanda na apunguze chumvi na mafuta, nilimkatia matango, tungule (nyanya), karoti na majani ya saladi, nikampelekea sahani kavu isiyo na kitu. Siku ya kwanza alikula kwa heshima. Siku ya pili alikula nusu. Siku ya tatu aliisukuma sahani taratibu akaniuliza, "Mwanangu, mboga hizi zimekosa nini hata zinyimwe ndimu?"

Alikuwa na haki. Daktari alisema tupunguze. Mimi niliondoa vyote. Tangu siku hiyo nimekuwa nikijaribu sosi za saladi hapa nyumbani Lamu, moja baada ya nyingine, kwa kijiko cha kupimia na kwa midomo ya watu sita wasioficha wanachokiona. Nayaandika haya kwa aliyekwama pale nilipokwama mimi: anataka saladi iliwe kila siku na iliwe kwa raha, lakini hajui achague ipi, na chupa za dukani hazimtulizi moyo.

Nimezipima kwa vipi

Kila sosi nimeiuliza maswali yale yale. Kwanza ladha: je, inasimama yenyewe kwa chumvi kidogo? Pili, inaingiza nini mwilini: mafuta kiasi gani na ya aina gani, chumvi, sukari. Tatu jikoni: kazi yake, bei yake, na kama inapatikana kisiwani bila kusubiri mzigo uvuke kutoka Mokowe, gati ya upande wa bara. Nne, inakaa muda gani katika joto letu, hasa stima ikipotea. Mwisho, inamfaa nani na haimfai nani.

Kipimo changu ni vijiko viwili vikubwa kwa mtu mmoja, yaani mililita 30. Hicho ndicho kiasi ambacho chupa nyingi za dukani hukihesabu, na kinatosha sahani ya saladi ikiwa utaichanganya vizuri kwa mkono badala ya kuimwagia juu tu.

Shirika la Afya Duniani linashauri mtu mzima asizidishe gramu 5 za chumvi kwa siku, kama kijiko kimoja cha chai. Hiyo ni ya siku nzima, pamoja na iliyomo kwenye mkate, mchuzi na samaki mkavu. Kwa hiyo bakuli la saladi la watu wanne mimi hulitilia robo ya kijiko cha chai, basi, na ladha iliyobaki naitafuta kwingine: kwenye uchachu, kwenye harufu, na kwenye vitu vilivyokaangwa vikavu hadi vikanukia. Chumvi ikipungua bila ya kitu kuingia mahali pake, sahani itakurudia kama ilivyonirudia mimi.

Na mafuta yasifukuzwe yote. Mwaka 2004 watafiti wa Chuo Kikuu cha Iowa State, Marekani, walichapisha matokeo ya kuwalisha watu wachache saladi ya mchicha, majani ya saladi, nyanya na karoti, mara kwa sosi isiyo na mafuta, mara kwa yenye mafuta kidogo, mara kwa yenye mafuta mengi. Kwa ile isiyo na mafuta, rangi zenye manufaa za mboga zile, zikiwemo zile za karoti ambazo mwili huzigeuza kuwa vitamini A, karibu hazikuonekana kwenye damu. Zinahitaji mafuta ndipo zifyonzwe. Ile sahani kavu niliyompelekea mama haikuwa na ladha, na sehemu ya manufaa yake ilikuwa inapotea pia.

Ndimu na mafuta

Ndiyo ya karibu zaidi na kachumbari tuliyokulia, kwa hiyo haihitaji kumshawishi mtu. Wafaransa huweka mafuta sehemu tatu kwa siki sehemu moja. Kwa ndimu zetu kipimo hicho kinafanya kazi, lakini mafuta ni mengi mno kwa kula kila siku. Mimi naweka sawa kwa sawa, na siku ambazo tungule zimeiva vizuri na zina utamu wake, hata ndimu ikizidi kidogo hakuna anayelalamika.

Kuna jambo moja dogo ambalo limenisaidia kupunguza chumvi kuliko yote. Chumvi haiyeyuki kwenye mafuta. Ukiitia mwisho, juu ya mboga zilizokwisha kupakwa mafuta, chembe zinakaa nje zikikwaruza ulimi mahali pamoja huku pengine hakuna kitu, nawe unaongeza. Anza na ndimu. Ponda punje moja ya thomu (kitunguu saumu) pamoja na ile robo ya kijiko cha chumvi kwenye kinu mpaka iwe uji, ikamulie ndimu, subiri dakika mbili chumvi iyeyuke, ndipo utie mafuta kidogo kidogo ukikoroga. Nusu kijiko cha chai cha haradali kitayashika mafuta na ndimu visiachane upesi. Huna haradali? Tia kwenye chupa yenye mdomo mpana, funika, tikisa kwa nguvu, mimina papo hapo.

Mafuta gani? Ukiwa Malindi, mafuta ya zeituni si taabu kuyapata. Waitaliano wameishi pale miongo mingi, na maduka yamezoea kuyaweka pamoja na ile siki nyeusi yao ya balsamiko. Huku kisiwani bei hupanda kwa safari. Ya alizeti yanatosha kabisa, na sehemu kubwa ya mafuta yake si ya kuganda, yaani si ile aina isiyoufaa moyo ikizidi. Nikitaka harufu natia kijiko kimoja cha chai cha mafuta ya uta, yaani ya simsim, juu ya hayo ya alizeti. Kijiko hicho kimoja kinasikika bakuli zima.

Lakini hapa ndipo watu wengi wanapojidanganya: kijiko kikubwa kimoja cha mafuta yoyote yale, ya zeituni yakiwemo, kina kalori kama 120. Zeituni ni nzuri kwa moyo kwa sababu ya aina ya mafuta yake, si kwa sababu ni mepesi. Pima kwa kijiko. Ukimimina kwa chupa, mkono una ukarimu wake.

Kukaa: tengeneza ya siku hiyo. Ndimu iliyolala inapoteza harufu na kuingia uchungu. Na usiache thomu mbichi ndani ya mafuta kwenye chupa nje ya friji kwa siku kadhaa ukidhani unajitengenezea mafuta ya kunukia. Vijidudu vya botulismo hupenda mahali kama pale pasipo hewa, na sumu yao haina harufu wala rangi ya kukuonya.

Inamfaa mwenye presha, mwenye haraka, na asiyekunywa maziwa. Mwenye kiungulia au vidonda vya tumbo aionje kwa hadhari, maana ndimu tupu humchoma.

Mtindi

Ladha yake ni ya upole. Uchachu upo, lakini umefunikwa, kwa hiyo watoto huikubali kabla ya nyingine zote. Na kwa kalori hakuna inayoikaribia kati ya zile laini: vijiko viwili vya mtindi wa maziwa yasiyoenguliwa vina kalori kama 20 na mafuta gramu moja tu. Protini ipo kidogo, kalisi ipo.

Ule wa pakiti uwe usiotiwa sukari. Soma, usiamini rangi nyeupe, kwa sababu mwingi wa dukani umetiwa utamu na ladha ya vanila, na ukishauchanganya na thomu umepoteza vyote viwili.

Nilikosea nao mara moja, na ilikuwa mbele ya wageni, futari ya Ramadhani. Nilikuna matango, nikayatia kwenye mtindi na chumvi saa ya alasiri ili nisiwe na kazi magharibi. Nilipofunua bakuli, mtindi ulikuwa unaelea juu ya maji. Chumvi huvuta maji kutoka kwenye tango, na saa tatu zilikuwa nyingi. Sasa nalikuna tango, nalinyunyizia chumvi, nalisubiri dakika kumi, kisha nalikamua kwa mkono mpaka lisidondoke. Yale maji yanaondoka na sehemu ya chumvi pia, jambo zuri kwa mama. Mtindi wenyewe nautundika kwenye kitambaa safi chembamba juu ya bakuli kwa saa mbili, unakuwa mzito wa kushikana na jani. Ndipo natia nanaa iliyokatwa, bizari ya pilau iliyokaangwa kavu na kutwangwa, punje ya thomu na matone ya ndimu.

Kazi ni ya kungoja zaidi kuliko ya mikono. Bei ni ya kati. Udhaifu wake mkubwa ni joto: mezani usiiache zaidi ya saa mbili, na ndani ya friji siku mbili au tatu. Stima zikipotea usiku kucha, itoe.

Inamfaa anayepunguza mwili, watoto, na mwenye tumbo lisilotaka ukali. Haimfai ambaye maziwa humvuruga, ingawa wengine wasioweza maziwa matamu huustahimili mtindi kwa kuwa uchachu umekwisha kula sehemu ya sukari ya maziwa. Na mafuta yake ni machache, kwa hiyo saladi ya karoti na mchicha itilie kitu chenye mafuta kando yake: vipande vya avokado, au korosho chache.

Simsim

Hapa nitakaa kidogo, kwa sababu nadhani tunaisahau. Simsim ni ya pwani hii. Katika karne ya 19 ilikuwa miongoni mwa mazao makubwa ya biashara kutoka bara ya Lamu na kutoka Malindi, ikisafirishwa kwa majahazi. Leo wengi wetu tunaikumbuka kwenye kashata na juu ya mkate, halafu tunakwenda dukani kununua kikopo cha tahina kilichotoka mbali, kwa bei ya mbali.

Tahina ni simsim iliyosagwa tu, na inatengenezeka nyumbani. Kikaango kikavu, moto mdogo, kikombe kimoja cha simsim iliyooshwa na kukaushwa. Koroga bila kuondoka. Mwanzo hakuna kinachotokea, kisha utasikia punje moja inaruka, mbili, halafu nyingi kama mvua ya kwanza juu ya bati. Zikibadilika kuwa rangi ya mchanga wa Shela, epua hapo hapo na uzimwage kwenye sinia; ukiziacha kwenye kikaango zinaendelea kuungua kwa joto lake, na simsim iliyoungua ni chungu, haina dawa. Zikipoa kidogo zitwange. Kwanza ni unga, unga unashikana pembeni mwa kinu, mchi unaanza kuwa mzito, na ghafla unaona unang'aa. Ni mafuta yake yenyewe yanatoka. Nusu ya uzito wa simsim ni mafuta. Mashine ya kusagia hufanya kazi hiyo kwa dakika tatu, ukiongeza kijiko cha mafuta ya alizeti kuisaidia.

Sasa sosi. Chukua vijiko vinne vya huo uji wa simsim, kamulia ndimu moja. Utaona unakuwa mgumu, unageuka mweupe, unakatika mabonge, na kama hujawahi kuufanya utadhani umeharibika. Haujaharibika. Endelea kutia maji baridi, kijiko kimoja kimoja, huku ukikoroga. Utafika mahali utalegea wote kwa pamoja na kuwa laini kama krimu. Thomu, chumvi kidogo, pilipili manga, basi.

Ladha yake ndiyo nzito kuliko zote, na ndiyo iliyonionyesha kwamba kitu kilichokaangwa kikanukia hufanya kazi ambayo tuliitaka chumvi ifanye. Nimewahi kuisahau chumvi kabisa, na mezani hakuna aliyeuliza.

Mwilini: kijiko kikubwa cha tahina, gramu 15, kina kalori kama 90, mafuta gramu 8, na protini gramu mbili na nusu. Kikishazimuliwa kwa maji na ndimu kinatoka vijiko viwili vya sosi, kwa hiyo kwa mtu mmoja ni pungufu ya ndimu na mafuta. Sehemu kubwa ya mafuta hayo si ya kuganda. Si sosi ya kalori chache, lakini inashibisha. Sahani ya mboga, dengu za kuchemsha na simsim ni chakula kamili cha mchana.

Kazi ni nyingi siku ya kutwanga, kisha hakuna. Uji ambao haujatiwa maji hukaa wiki kadhaa kwenye chupa kavu iliyofungwa, nje ya jua. Ukishautia maji na ndimu, siku tatu au nne za friji. Mafuta yakipanda juu, koroga.

Njugu zilizokaangwa zinaweza kushika nafasi ya simsim kwa bei ndogo zaidi, ila zichague punje kwa punje. Yenye ukungu, iliyonyauka au chungu itupe, isiende kinuni, kwa ajili ya sumu ya aflatoksini ambayo moto wa jikoni hauiondoi. Na mwambie mgeni kilichomo kabla hajala. Kuna watu wanaodhurika vibaya kwa simsim au kwa njugu, na kwenye sosi hawawezi kuziona.

Inamfaa asiyekula nyama wala maziwa, anayeshinda kazini na saladi yake kwenye mkebe, na mwenye presha anayeililia chumvi. Anayehesabu kila kalori apime.

Tui la nazi

Nani pwani atahitaji kuelezwa ladha ya tui? Kwenye saladi linapendeza zaidi likikutana na embe mbichi lililokunwa, ndimu, pilipili mbichi na dania. Mimi nakuna nazi, nakamua tui la kwanza, na kijiko kimoja cha machicha nakikaanga kikavu hadi kiwe cha rangi ya dhahabu nikinyunyize juu.

Shida yake si nazi, ni mlo mzima. Vijiko viwili vya tui zito vina kalori kama 65 na mafuta gramu 6 hivi, na karibu yote ni ya kuganda. Ushauri wa Shirika la Afya Duniani ni kwamba mafuta ya kuganda yasizidi asilimia 10 ya nguvu yote ya chakula cha siku. Kwa anayekula kalori 2,000 hiyo ni gramu 22 hivi. Gramu 6 peke yake ni jambo jepesi. Lakini tazama sinia yetu ya mchana: wali wa nazi, samaki wa kupaka kwa tui, na maharagwe ya nazi pembeni. Saladi nayo ikija na tui, zile gramu 22 zimepitwa kabla ya magharibi. Kwa hiyo sosi hii naiweka kwa siku za samaki wa kuchoma na viazi vitamu, au chapati na dengu zisizo na nazi.

Tui jepesi hupunguza mafuta, ila halishiki jani. Lichanganye na embe mbichi lililopondwa, litakuwa na uzito.

Gharama ni ndogo kama una mnazi au jirani mwenye mnazi. Kukaa ndiko kubaya kuliko zote: tui bichi katika joto la hapa linachacha saa chache tu baada ya kukamuliwa. Likamue, litumie, lililobaki litie kwenye chakula cha moto siku hiyo hiyo.

Inamfaa asiyetumia maziwa, na mwenye wageni. Mwenye lehemu nyingi kwenye damu aifanye ya mara moja moja.

Ukwaju

Hauna mafuta. Loweka kipande kama nusu ya ngumi kwenye kikombe cha maji moto, ukisugue kwa vidole mpaka nyama iachane na kokwa, chuja, chemsha dakika tano pamoja na bizari, tangawizi na pilipili. Uchachu wake ni mzito na una giza fulani ambalo ndimu haina, na kwenye kabeji mbichi, viazi vitamu vya kuchemsha au biringanya za kuchoma sijaona kinachoushinda. Majani laini ya saladi huyaelemea.

Hatari yake ni mkono unaokwenda kwenye sukari. Ukwaju wenyewe una sukari yake, lakini uchachu unaificha, nawe unaongeza kijiko, na kingine, mpaka umepika chatini ya bajia. Kijiko kimoja cha chai ni gramu 4. Mimi huponda tende moja ndani yake kwa bakuli la watu wanne. Nayo ni sukari, tusidanganyane, lakini ni kidogo na inakuja na nyuzinyuzi zake. Mwenye kisukari aache hata hiyo, atumie karoti iliyokunwa kuleta utamu.

Kwa kuwa mafuta hayamo, saladi yenyewe iwe nayo: avokado, njugu, au yai la kuchemsha. Ulaji wa nyumba za Lamu umezoea kuweka ukwaju kama pilipili ya pembeni, kwa hiyo hata wazee hawaukatai. Ni rahisi kwa bei, na ukishachemshwa hukaa wiki moja kwenye friji, siku moja bila friji. Mgonjwa wa figo aliyeambiwa apunguze potasiamu amuulize daktari kwanza, maana ukwaju unayo nyingi.

Chupa ya dukani

Sitaki kuionea. Ina nafasi yake: haihitaji kazi, haiharibiki upesi kabla ya kufunguliwa, na mayonezi ya kiwandani kwa kawaida ni salama zaidi kuliko ile ya kujipigia nyumbani kwa mayai mabichi katika joto letu, kwa sababu ya vijidudu vya salmonela.

Lakini isome. Nilinunua moja katika duka kubwa la Malindi iliyoandikwa mbele kwa herufi kubwa kwamba haina mafuta. Nyuma, kwa herufi za kutafutia miwani, kiungo cha kwanza kilikuwa maji na cha pili sukari. Viungo hupangwa kwa uzito, kinachozidi kinatangulia, kwa hiyo vile vitatu vya mwanzo vinakuambia karibu yote. Kisha tafuta sodiamu na uzidishe kwa 2.5 upate chumvi: miligramu 300 kwa kipimo kimoja ni gramu 0.75 za chumvi, kwenye saladi tu, kabla hujagusa mkate. Mayonezi ya kawaida ina kalori 90 hadi 100 kwa kijiko kikubwa. Kama nyumbani hawaiachi, changanya kijiko kimoja chake na vitatu vya mtindi na ndimu. Watoto wangu hawakugundua.

Kwa hali yako

Kama tatizo ni presha, anza na simsim au ndimu na mafuta, kwa sababu hizo mbili hubeba ladha hata chumvi ikiwa kiduchu. Mama yangu huchagua ndimu siku nyingi, na simsim siku ya dengu. Kama ni kisukari, zote hizi zinakwenda isipokuwa ukwaju uliotiwa utamu na chupa usiyoisoma.

Unapunguza mwili? Mtindi. Na ukichoshwa nao, ukwaju usio na sukari juu ya kabeji, pamoja na njugu chache.

Nyumba yenye watoto wanaokataa mboga, wape mtindi wa kuchovya, karoti na matango yakatwe marefu ya kushikwa kwa mkono. Usiwasisitizie. Iache bakuli mezani karibu nao wakati unamalizia kupika, wakiwa na njaa.

Mfuko ukiwa mwembamba, ndimu na mafuta ya alizeti, au ukwaju. Vyote vinapatikana sokoni karibu na Ngome kila asubuhi. Huna friji, basi chupa ya uji wa simsim na ndimu nzima ndivyo vitakavyokuvumilia. Mtindi na tui uvifanye vya kuliwa pale pale. Una wageni na mlo hauna nazi kwingine, watolee embe mbichi kwa tui, na embe lenyewe likiwa katika msimu hutahitaji hata ndimu.

Na ukiwa unavuka kwenda Mokowe ili upande basi la Malindi, funga ndimu mbili, kisu kidogo na kichupa cha mafuta. Matango na tungule utanunua njiani; zioshe kwa maji safi, kamulia ndimu, tia mafuta mwisho.